Mkanda wa Kiti cha Mbele

Siku waliyonunua gari namba arobaini na moja, Mama Pacha alikuwa amezishonea pesa zote ndani ya gauni lake. Kwenye mnada hujui ni nani amesimama nyuma yako, kwa hiyo alitengeneza mfuko wa ndani, chini ya kwapa, akaufunga kwa vifungo vitatu. Dalali alipogonga nyundo na kutangaza kwamba malipo ni hapo hapo, ikabidi mama wa watu ajifiche nyuma ya gofu la lori, avue nusu ya gauni, na Baba Pacha asimame mbele yake akiwa ametandaza koti kama pazia. Watu walicheka. Karani wa mnada, kalamu sikioni, alizipokea noti zikiwa na joto bado, akauliza, "Mama, hizi zimetoka kwenye oveni?"

Mama Pacha alicheka naye. Zilikuwa pesa za cherehani ya pili, akiba ya miaka minne, lakini siku hiyo angeweza kucheka na yeyote.

Masharti yalikuwa yameandikwa kwenye bati getini: unanunua kitu kilivyo, hakuna kuwasha, hakuna kurudisha. Magari yote mle yalikuwa yamepata ajali, na wenyewe walikwisha kulipwa na bima wakaenda zao. Baba Pacha alikuwa fundi wa majokofu, na magari alijifunza kwa kufungua la shemeji yake na kulifunga tena bila kubakiza nati hata moja. Alilala chali chini ya namba arobaini na moja mpaka mlinzi akamvuta miguu.

"Chasisi haijapinda," alimnong'oneza mkewe huku akijipangusa vumbi. "Limeumia usoni na mlango wa abiria, basi. Mimi na wewe tunaliweza hili."

Hilo "mimi na wewe" ndilo lililomlainisha. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, hakuwahi kuambiwa hivyo kuhusu kitu chochote kisichokuwa kulea.

*

Kwa wiki saba uani hapakuwa na pa kuanikia nguo. Boneti ililala ukutani, rejeta ikakaa juu ya karo la kufulia, na pacha wao, wasichana wa miaka kumi na mmoja, walijua tofauti ya spana namba kumi na namba kumi na mbili kabla hawajajua kugawanya sehemu. Ukitaka kumsema Baba Pacha, mseme kwa mengine, lakini kazi aliifanya kwa roho safi. Breki alinunua mpya, za dukani, kwenye boksi. Muuza vipuri alipomshauri achukue zilizotumika, alimjibu kwamba breki hazichezewi. Mlango aliunyoosha, akaupaka puti, akausugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Rangi ilipopulizwa, majirani walipita mmoja mmoja kujitazama ubavuni mwa gari.

Kikabaki kitu kimoja. Siku ya Jumatano alimwita mkewe, akafungua mlango wa abiria na kuvuta mkanda wa usalama. Ulitoka nusu tu. Karibu na kiuno ulikuwa umekatwa kwa kisu, mkato mmoja ulionyooka.

"Waliofika kwenye ajali ndio waliukata," alisema, "ili wamtoe aliyekuwa amekaa hapa."

"Alipona?"

"Nitajuaje? Karatasi za mnada haziandiki watu."

Alikuwa amezunguka maduka ya vipuri siku nne. Mikanda ya magari mengine haikukaa. Wa gari lile lile uliagizwa kutoka mbali, miezi miwili, na bei yake ilikuwa ya milango miwili. Na Jumamosi mnunuzi wa kwanza alikuwa anakuja kuliona gari: Mwalimu wa hesabu wa pacha wao, ambaye mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa figo na alipelekwa hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki.

"Mkanda ni kitambaa," Baba Pacha alisema, bila kumtazama. "Na hapa nani anakijua kitambaa kuliko wewe?"

"Hiki si kitambaa cha sare za shule, Baba Pacha."

"Unashona mikoba ya turubai. Unawashonea mafundi mabegi ya nyundo, hayajawahi kurudi. Shona tu huu kwa sasa. Wa kuagiza ukija, nitauweka mwenyewe, bure, hata kama gari limeshauzwa."

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Mama Pacha alilazimishwa. Hakulazimishwa. Tena, na hili ndilo lililokuja kumla baadaye, aliifurahia ile kazi. Mumewe aliung'oa mkanda garini, naye akalaza vipande viwili vyake kimoja juu ya kingine kwa urefu wa shubiri, akachukua uzi wa nailoni unaotumiwa na washona viatu, akapiga mistari minane, akazungushia mraba, akatia na msalaba katikati. Alivunja sindano tatu. Alipomaliza, mshono ulikuwa umenyooka kiasi kwamba ilibidi uusogeze karibu na macho ndipo uuone.

Kisha wakaujaribu, na namna walivyoujaribu haikumtoka kichwani tena. Baba Pacha alishika upande mmoja, yeye na wasichana wakashika mwingine, wakavutana uani kama watoto wa shule siku ya michezo. Walivuta mpaka Baba Pacha akateleza na kukaa chini kwa makalio. Mkanda haukutikisika. Wote wanne walicheka mpaka machozi yakawatoka, na Baba Pacha, akiwa bado chini, akasema, "Umeona? Umetushinda sisi wote."

Jioni ile Mama Pacha alishona kifuko cha mahameli ya kijivu, akauvisha mkanda pale kwenye mshono. Alimwambia mumewe kwamba ni ili usimkwaruze mtu. Mumewe alikubali haraka, na wote wawili walijua kifuko kilikuwa cha nini.

*

Mwalimu alikuja na mama yake. Bibi alikuwa mwepesi, mikono imejaa alama za sindano, na alitembea ameshikilia kiwiko cha bintiye. Mama Pacha akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamsaidia kukaa kwenye kiti cha mbele. Bibi alipapasa mahameli kwa vidole viwili.

"Hata mkanda mmeuvisha nguo!" alisema. "Hawa watu wana huruma."

Mwalimu alicheka, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka gari kama anasahihisha daftari. Alikuwa amekopa kwenye chama cha akiba cha walimu, mkopo wa miaka mitatu. Alimsikiliza Baba Pacha akieleza mambo ya breki na rejeta, akatikisa kichwa mahali pa kutikisa. Kisha akamvuta Mama Pacha pembeni.

"Mimi magari siyajui, dada yangu. Wanaume wakianza kuniambia habari za injini nasikia usingizi. Nakuuliza wewe, mwanamke kwa mwanamke. Mama yangu atakuwa anakaa pale mbele. Wewe ungekaa?"

Mama Pacha aliangalia kile kiti. Alimwona Bibi akiwa amefumba macho, shavu limeegemea mkanda.

"Ningekaa," alisema.

Mwalimu akamkumbatia. Pesa zililipwa siku hiyo hiyo, na Jumanne iliyofuata Baba Pacha alikuwa mnadani tena.

*

Mwezi ulipita. Uani kulikuwa na gofu jipya, namba sitini na sita, lililogongwa kwa nyuma, na pesa zote za Mwalimu zilikuwa ndani yake. Mkanda wa kuagiza haukuagizwa. Kila Mama Pacha alipouliza, jibu lilikuwa mwisho wa mwezi, na yeye aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujibiwa hivyo.

Asubuhi moja, wateja watatu wakiwa wamekaa kwenye benchi la kibanda chake cha ushonaji, aliingia muuza mayai na kumtupia mkoba wa turubai juu ya meza ya cherehani. Kamba ya mkoba ilikuwa imeachia upande mmoja.

"Trei mbili, Mama Pacha! Trei mbili chini, mbele ya duka la watu! Wewe si ndiye uliyeniambia huu nitaurithisha wajukuu?"

"Pole sana, jirani. Uzi labda ulikuwa..."

"Uzi gani? Uzi wako mzima huo hapo, utazame! Umeshona vizuri mpaka umeharibu."

Wateja walicheka. Mama Pacha aliuchukua mkoba, na kicheko alichokuwa ametayarisha kikamfia mdomoni. Uzi ulikuwa mzima kweli. Mistari yake yote ilikuwa imesimama mahali pake, haikulegea hata mmoja. Kilichoachia ni kamba yenyewe, kando kabisa ya mshono, pale sindano ilipopita ikitoboa na kutoboa. Ilikatika kwa mstari ulionyooka, kama karatasi ya daftari inavyochanwa kwenye vitundu vyake.

Na ule ni uzi ule ule wa nailoni alioshonea mkanda. Ile ni mistari ile ile minane, na mraba, na msalaba katikati. Mkoba ulibeba mayai kwa miezi mitano bila tatizo, halafu siku moja mwenyewe akaruka mtaro, uzito wote ukaja kwa mshtuko mmoja.

"Nitakulipa mayai," alisema.

"Utanilipa leo?"

"Leo hii."

Muuza mayai alikuwa amejiandaa kwa ugomvi mrefu, akabaki ameduwaa. Wateja walitazamana. Mama Pacha alihesabu pesa, akakosea, akaanza upya, na wote wakadhani ni kwa aibu ya mkoba.

*

Alikuwa hajatulia bado mchana huo, gari likasimama nje. Alilijua kwa mlio kabla hajainua kichwa. Mwalimu alimshusha mama yake taratibu, wakaingia kibandani na kitambaa cha maua madogo madogo.

"Tunataka magauni mawili," Mwalimu alisema. "Mkono wa kushoto uwe na vifungo, ufunguke mpaka juu. Wauguzi wanahangaika kumkunjia nguo kila tunapokwenda."

Mama Pacha alichukua futi ya kupimia. Bibi alinyoosha mikono, naye akampima bega, akampima kifua, akaandika. Sasa, alijiambia. Nikimaliza kiuno nitasema.

"Mwanangu," Bibi alisema kabla kiuno hakijaisha, "nikitoka kule kwenye mashine huwa sina mifupa. Mwili wote unataka kwenda mbele. Lakini ule mkanda wako naulalia tu. Nauachia uzito wangu wote, nasinzia mpaka nyumbani. Huyu hapa anasema nakoroma."

"Anakoroma kweli," Mwalimu alisema.

"Bibi..." Mama Pacha alianza.

"Abee mwanangu."

Ulimi ukawa mzito. Aliona namba sitini na sita pale uani, aliona mkopo wa miaka mitatu, aliona uso wa Mwalimu utakavyobadilika, na pacha wake wakiwa wamekaa dawati la mbele darasani kwake.

"Urefu wa gauni unataka wapi? Hapa au chini ya goti?"

Mwalimu alilipa kabisa kabla ya kazi, na chenji akaikataa. Alisema, "Wewe si mtu wa kudaiana naye." Walipoondoka, Mama Pacha alikaa na zile pesa mkononi, akajichukia.

*

Baba Pacha alikuwa ndani ya tumbo la namba sitini na sita, miguu tu nje. Mkewe aliuweka mkoba wa muuza mayai kifuani pake. Alieleza mara moja, akaonyesha kwa kidole. Mumewe alijivuta nje, akaushika, akaugeuza. Hakuwa mjinga. Alielewa kabla hajafika mwisho.

"Nitauagiza huo mkanda," alisema. "Hili likiuzwa tu."

"Bibi wa watu anaulalia kila safari, Baba Pacha. Tumwambie leo asiutumie."

"Ukimwambia hilo, ataniuliza na jingine, na jingine. Atarudisha gari, na ni haki yake. Nimrudishie nini? Hili gofu? Nikate nusu nimpe?"

"Sijui."

"Basi subiri. Mwezi mzima hakuna kilichotokea."

"Ule mkoba wa muuza mayai ulikaa miezi mitano."

Hapo akasimama, na hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyebanwa kwenye kona na mtu aliye sahihi. "Mimi nilisema tu. Nilisema ushone. Aliyeshona nani? Kile kifuko nilikishona mimi?"

Mara tu maneno yalipomtoka, alitamani kuyarudisha. Ilionekana usoni mwake. Alijifuta mikono kwenye suruali ambayo haikuwa safi kuliko mikono.

"Si hivyo nilivyotaka kusema," alisema.

"Ni hivyo hivyo," mkewe akajibu. "Na ni kweli."

*

Magauni aliyamaliza kwa siku mbili. Ijumaa asubuhi aliyakunja, akayatia kwenye mfuko, na juu yake akaweka mkasi wake mkubwa, ule wa kukatia vitambaa, ambao hata wasichana wake hawakuruhusiwa kukatia karatasi. Baba Pacha alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Aliuona mkasi. Akasogea pembeni, akampisha apite.

Kwa Mwalimu hapakuwa mbali. Gari lilikuwa limetolewa nje tayari, Bibi ameshakaa kiti cha mbele, amefungwa mkanda, kidevu kifuani. Mwalimu alikuwa amerudi ndani kuchukua faili la hospitali.

Mama Pacha alijijua. Mara mbili alitaka kusema, mara mbili ulimi ulimgomea, na akisubiri kwamba kwa mara ya tatu utafunguka wenyewe ataondoka na shukrani nyingine. Kwa hiyo hakusubiri ulimi. Alifungua mlango, akamwamkia Bibi, akabonyeza kitufe cha mkanda ukaachia.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nafumua kazi yangu, Bibi. Nisamehe."

Alikivuta kile kifuko cha mahameli, akakichana. Mshono ulikuwa pale, umenyooka, mzuri. Akatia mkasi. Mkanda ulikuwa mgumu, ikabidi autafune kidogo kidogo kwa mikono miwili, huku Bibi akimtazama kwa utulivu wa mtu ambaye mwili wake umezoea kufanyiwa mambo na watu wengine. Ulipokatika, kipande cha juu kilirudi kwenye nguzo ya mlango kwa kishindo kidogo.

"Mama Pacha!" Mwalimu alikuwa kizingitini, amebana faili kwapani. "Unalifanya nini gari langu?"

"Ulikuwa umekatwa tangu zamani," alisema, na sasa maneno yalimtoka yote kwa pamoja, kwa sababu hayakuwa na pa kujificha tena. "Tuliununua hivyo mnadani. Mimi ndiye niliyeushona. Nikaufunika ili usiuone. Hauwezi kumshika mtu, Mwalimu. Gari likigongwa, utachanika. Nimelijua hilo siku ile mlipoleta kitambaa, na bado nikampima Bibi urefu wa gauni."

Mwalimu hakupiga kelele. Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa kelele; alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Mwalimu alikuja mpaka garini, akakiokota kipande cha chini, akakisogeza karibu na macho, akaiangalia ile mistari minane.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Sikumuuliza mumeo. Nilikuuliza wewe."

"Ndiyo."

"Ukasema nini?"

Mama Pacha alitazama chini. "Nilisema ningekaa."

Mwalimu alitazama saa. Mashine za hospitali zina zamu, na aliyechelewa nafasi yake hupewa mwingine. Alimshika mama yake mikono, akamtoa kiti cha mbele hatua kwa hatua, akamkalisha nyuma, akamfunga mkanda wa kule, ule uliotoka kiwandani na gari, akauvuta mara moja, mara mbili, mara tatu. Akazunguka, akakaa kwenye usukani. Mlango wa abiria ulikuwa wazi bado.

"Ingia," alisema.

"Mwalimu, mimi nitarudi kwa miguu, halafu Baba Pacha atakuja tu..."

"Ya Baba Pacha tutayazungumza mchana, na pesa zangu tutazizungumza. Sasa hivi nachelewa. Ulisema ungekaa. Kaa."

Akaingia, akakaa. Alifunga mlango ule ule ambao mumewe aliusugua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mwalimu aliendesha taratibu mno, mikono yote miwili kwenye usukani, na magari ya nyuma yalipiga honi na kuwapita. Kila breki ilipokanyagwa, mwili wa Mama Pacha ulikwenda mbele, na mkono wake ukaruka kifuani kutafuta kitu cha kushika, ukakuta vifungo vya gauni tu. Breki zilikuwa nzuri sana. Zilikuwa mpya, za kwenye boksi.

Kwenye mteremko kabla ya hospitali, Bibi alisogeza kichwa mbele kutoka kule nyuma.

"Mwanangu," aliuliza, "huko mbele umejishikilia vizuri?"

"Nimejishikilia, Bibi," akasema Mama Pacha, na mapajani mwake palikuwa na magauni ya maua madogo madogo na kile kipande cha mkanda.